Kusoma Uzamili wa Haki za Binadamu kwa Masafa Ukiwa Nairobi: Hatua kwa Hatua

Alama ilikuwa X kubwa ya rangi nyekundu, imepigwa kwa brashi pana juu ya mlango wa mabati, na rangi imechuruzika hadi kwenye kufuli. Mama mwenye nyumba hiyo, kule Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hawa wana ruhusa ya kutubomolea hivi hivi?" Wakati huo nilikuwa msaidizi wa kisheria niliyefunzwa kwa wiki chache. Nilijua kumjazia mtu fomu na kumsindikiza kituo cha polisi. Nikamjibu kwamba hawana. Akaniuliza tena, "Imeandikwa wapi?" Hapo nikakwama.

Swali hilo ndilo lililonipeleka kusoma shahada ya uzamili ya haki za binadamu kwa masafa, huku nikiendelea na kazi hapa Nairobi. Ilinichukua miaka mitatu. Wengi huniuliza nilianzaje, na ujumbe wa simu hautoshi kueleza, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa namna ambayo ningefurahi kuyapata siku ile nilipotoka Mukuru nikiwa sina jibu.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kutafuta chuo

Watu huanza na orodha ya vyuo. Nakusihi uanze na karatasi tupu. Andika kwa sentensi moja jambo linalokusumbua kazini au mtaani kwako, ambalo ungependa ulijue hadi mzizi. Langu lilikuwa: mtu asiye na hati ya ardhi ana haki gani nyumba yake inapotaka kubomolewa? Rafiki yangu muuguzi aliandika: mama aliyejifungua akizuiliwa hospitalini kwa sababu ya bili, haki ipi imevunjwa, na nani wa kujibu? Maswali kama haya yana mahali, yana watu, na yana sheria nyuma yake. "Napenda sana haki za binadamu" si swali, na chuo kitaona hivyo pia.

Swali lako ndilo litakaloamua aina ya shahada. Kama linakupeleka mahakamani na kwenye mikataba ya kimataifa, na una shahada ya kwanza ya sheria, tafuta LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, yenye mkondo wa haki za binadamu. Kama umesoma ualimu, uuguzi, uanahabari au ustawi wa jamii, tafuta MA au MSc ya haki za binadamu, au LLM inayowapokea wasio wanasheria, zipo. Na niseme wazi jambo ambalo limewaumiza wengi: LLM peke yake haikufanyi wakili. Hapa Kenya wakili ni mtu mwenye shahada ya kwanza ya sheria, aliyepita Kenya School of Law akafaulu na kuapishwa. Kama ndoto yako ni kusimama mbele ya hakimu, njia yako ni nyingine, wala usimruhusu mtu wa kutafutia chuo wanafunzi akakuambia vinginevyo.

Hatua ya 2: Jipime mwezi mmoja bila kulipa chochote

Wiki ya kwanza soma Sura ya Nne ya Katiba ya 2010, Ibara ya 19 hadi ya 59. Ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Isome kwa lugha zote mbili, kwa sababu utaandika insha kwa moja na kuzungumza na watu kwa nyingine.

Wiki ya pili fungua tovuti ya Kenya Law, ambayo haitozi hata senti, usome hukumu moja ya Mahakama ya Juu mwanzo hadi mwisho. Mimi ningekupa ile ya Mitu-Bell. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, kando ya uwanja wa ndege wa Wilson hapa hapa Nairobi, walibomolewa nyumba zao Novemba 2011. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo mwaka 2016, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema kwamba watu walioishi kwa muda mrefu kwenye ardhi ya umma, wakajenga makao na kulea familia pale, wana haki ya makazi inayolindwa hata kama hawana hati mkononi. Ni zaidi ya miaka tisa kutoka nyumba kubomolewa hadi neno hilo kutamkwa. Ukimaliza kuisoma ukajikuta unauliza wale watu sasa wako wapi, basi somo hili ni lako.

Wiki mbili zilizobaki chukua kozi fupi za bure za intaneti. Amnesty International inazo, na Global Campus of Human Rights, mtandao wa vyuo wenye makao yake Venice, nao hutoa. Usijali sana kuhusu cheti cha kozi hizo. Unachopima ni kama unaweza kukaa chini usiku baada ya kazi, ukasoma, ukaandika, bila mtu wa kukusukuma.

Hatua ya 3: Jua "masafa" ya kila chuo yana maana gani

Neno hili linabeba mambo tofauti sana. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwafunza watu walio mbali tangu 1858, na LLM yake ya masafa unaisoma yote ukiwa nyumbani. Uzuri wake ni ngazi: unaweza kuanza na astashahada ya uzamili, ukaongeza hadi stashahada, kisha shahada kamili, na ukikwama katikati hutoki mikono mitupu. Kwa mtu ambaye mshahara wake hauna uhakika, ngazi hiyo ni jambo kubwa kuliko jina la chuo. Chuo hicho hicho kina pia MA ya masafa kuhusu ulinzi wa wakimbizi, inayomfaa sana anayefanya kazi na wakimbizi Eastleigh, Kakuma au Dadaab.

Oxford ina shahada ya sheria ya kimataifa ya haki za binadamu inayosomwa kwa miezi 22, sehemu kubwa kupitia mtandao, lakini kuna vipindi viwili vya kiangazi ambavyo lazima uwe kule kule Oxford. Maana yake ni viza mara mbili, tiketi mara mbili, na ruhusa ya mwajiri mara mbili. UNISA ya Afrika Kusini ni chuo cha masafa kwa asili yake, na uzamili wake wa sheria huegemea utafiti: unaandika tasnifu chini ya msimamizi, bila madarasa mengi ya kukushika mkono. Geneva Academy ina shahada ya sheria ya migogoro ya silaha kwa walio kazini, na inaweza kusomwa kupitia mtandao.

Utasikia pia Chuo Kikuu cha Pretoria kikisifiwa, na sifa hizo ni za haki. Programu yao ya haki za binadamu na demokrasia barani Afrika ilianza mwaka 2000 na huwa na ufadhili, ila si ya masafa, lazima uhame. Kama huna mtoto mdogo wala mzazi wa kutunza, ifikirie. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopewa hati mwaka 2023, chenye makao Konza, kinafundisha kwa mtandao. Angalia orodha yake ya programu kila mwaka, kwa kuwa bado ni chuo kichanga kinachojengwa.

Kwa kila chuo unachokipenda uliza kwa baruapepe: madarasa ya moja kwa moja ni mangapi kwa wiki, yanarekodiwa, mtihani unafanyiwa wapi, na nikisimama muhula mmoja nini kitatokea? Chuo kinachojibu maswali haya kwa maneno ya matangazo, kiache.

Hatua ya 4: Hakikisha shahada itatambuliwa nyumbani

Hatua hii ndiyo watu huiruka. Mwenzangu mmoja alilipa karo ya mwaka mzima kwa chuo cha ng'ambo ambacho sitakitaja. Tovuti yake ilikuwa nzuri, nembo nzuri, na chini kabisa kulikuwa na jina la shirika lililodaiwa kukiidhinisha. Alipoomba kazi serikalini akatakiwa kuleta barua ya utambuzi, akagundua kwamba shirika lile halikuwa na mamlaka yoyote katika nchi hiyo. Alilia ofisini kwangu, mtu mzima, baba wa watoto watatu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kulipa. Tafuta rejista rasmi ya serikali ya nchi ambako chuo kipo, uhakikishe jina linalingana herufi kwa herufi. Kisha iandikie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ukitaja chuo, jina la shahada na kwamba utasoma kwa masafa, uulize kama itatambuliwa. Waulize pia KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu. Majibu yao yaweke kwenye baruapepe na uchapishe nakala. Na chuo kinachokuahidi uzamili kwa miezi michache kwa kuhesabu "uzoefu wako wa maisha" kinauza karatasi.

Hatua ya 5: Piga hesabu, pamoja na gharama zisizoandikwa popote

Karo huandikwa kwa pauni, euro au dola, nawe unalipwa shilingi. Usipige hesabu kwa bei ya leo ya kubadilisha fedha. Ongeza angalau sehemu moja ya kumi juu, maana shilingi ikiteleza katikati ya mwaka hakuna atakayekupunguzia. Chagua chuo kinachokuruhusu kulipa moduli kwa moduli. Kisha andika zile nyingine: mtihani wa lugha ya Kiingereza ukitakiwa, kuthibitisha nakala za vyeti kwa wakili, ada ya kituo cha mtihani pale ambapo chuo bado kinataka ukakae kwenye kituo, bando za kila mwezi, na kusafirishiwa cheti mwishoni.

Kuna jambo dogo lililonigharimu siku tisa za masomo. Nilituma karo kupitia benki, kiasi kamili kama kilivyoandikwa kwenye ankara. Njiani benki nyingine iliyopitisha fedha hizo ikakata ada yake, chuo kikapokea pungufu, na mfumo ukanifungia mlango kwa sababu ya pauni chache, wiki ile ile ya kuwasilisha insha. Ukienda benki sema kwa kinywa chako kwamba gharama zote za kutuma zitalipwa na mtumaji, na uhakikishe zimeandikwa hivyo kwenye fomu kabla ya kutia sahihi. Omba stakabadhi yenye namba ya muamala, uitume chuoni siku hiyo hiyo.

Ufadhili upo, ingawa ni wa kugombania. Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola ya Uingereza ina mpango maalumu wa shahada za uzamili za masafa kwa watu wa nchi kama Kenya. Unapitia vyuo na programu zilizoorodheshwa mwaka huo tu, kwa hiyo anza na orodha yao kisha uchague programu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, haifadhili masomo ya masafa, usipoteze jioni zako huko kwa ajili ya hili. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ina mikopo ya uzamili. Uliza kwanza kama chuo chako kimo. Mimi nilisoma kwa mkopo wa Sacco, na wadhamini wangu walikuwa wafanyakazi wenzangu wawili. Mkopo wa simu wa siku thelathini usiuguse kwa ajili ya karo. Nimeona mtu akikopa wa pili kulipa wa kwanza hadi masomo yakamfia mkononi.

Hatua ya 6: Maombi

Anza miezi minne kabla. Kinachochelewesha ni nakala rasmi ya matokeo kutoka chuo chako cha kwanza, na majina. Fungua kitambulisho, cheti cha KCSE cha kidato cha nne, cheti cha shahada na pasipoti, uvipange mezani kimoja kando ya kingine. Kama kimoja kina jina la ukoo na kingine hakina, au herufi imegeuka, nenda ukaandikiwe hati ya kiapo sasa, usingoje kuulizwa. Kuhusu Kiingereza, vyuo vingi hukubali barua kutoka chuo chako ikisema ulifundishwa kwa lugha hiyo. Waulize kabla ya kulipia mtihani.

Barua ya maelezo binafsi ndiyo inayokutofautisha. Rasimu yangu ya kwanza ilisema nina ari ya kutetea wanyonge barani Afrika. Rafiki mmoja akaisoma akaniambia, "Hii angeiandika mtu yeyote." Nikaifuta, nikaanza na mlango wa Mukuru na swali la yule mama, nikaeleza ni sheria gani nilizozijua na ni wapi ujuzi wangu uliishia. Nilipokelewa kwa rasimu hiyo. Wanaokuandikia barua za kukupendekeza, wape barua hiyo na wiki tatu za kuandika, kisha uwakumbushe kwa adabu.

Hatua ya 7: Saa, stima na mahali pa kukaa

Saa za London hubadilika na zetu hazibadiliki. Darasa la saa kumi na mbili jioni la kwao ni saa mbili usiku hapa wakati wa kiangazi chao. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba linakuwa saa tatu usiku, hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Andika tarehe hizo ukutani. Wenzangu wawili waliingia darasani saa nzima kabla ya wakati, na mmoja alikosa mtihani wa mdomo.

Stima ikipotea darasa haliishi, kwa hiyo jichajie simu na kompyuta mapema, uwe na bando ya akiba kwenye laini ya kampuni nyingine. Kila Jumapili pakua masomo ya wiki nzima uyaweke kwenye kompyuta na kwenye flashi. Kama nyumbani ni chumba kimoja na watoto wawili, kama kwangu, tafuta pa kukaa: Maktaba ya Taifa kule Upper Hill, au McMillan katikati ya jiji, iliyofunguliwa 1931, yenye vyumba vikubwa na utulivu wa kutosha kusoma hukumu ndefu. Wanaoishi Eastlands wana maktaba za Kaloleni na Makadara. Mimi nilitenga saa 12 kwa wiki: mbili kila usiku wa Jumatatu hadi Alhamisi, nne Jumamosi asubuhi. Watu wa nyumbani waambie ratiba hiyo kabla ya kuanza, na uwaachie Jumapili yao.

Hatua ya 8: Soma ukiwa na mji huu mkononi

Hapa ndipo mwanafunzi wa masafa wa Nairobi anapowazidi wengi, na nasikitika kwamba tunaosoma huku mara nyingi hatuoni hivyo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa katika mji huu, tarehe 27 Juni 1981, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana hapa. Ulianza kufanya kazi tarehe 21 Oktoba 1986. Kwenye moduli yangu ya kwanza ulipewa wiki moja kati ya kumi. Niliandika insha zangu nne kuuhusu, na mwalimu wangu hakuwa na neno.

Ukisoma kesi yoyote, andika pembeni mambo haya kwa Kiswahili chako mwenyewe: nini kilitokea, nani aliulizwa nini, mahakama ilisema nini, na iliamuru nini kifanyike. Kisha andika lile ambalo vitabu huliacha: je, kilifanyika? Tume ya Afrika yenye makao Banjul iliwapa Waendorois wa Ziwa Bogoria haki yao katika uamuzi uliotangazwa 2010. Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa Msitu wa Mau, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Kushinda kesi na kupata ulichoshinda ni mambo mawili. Mwanafunzi aliyeko ng'ambo atayasoma haya kwenye ripoti. Wewe unaweza kupanda gari la Nakuru ukaenda kuuliza.

Ngoja nikuonyeshe kwa kesi moja jinsi usomaji huu unavyofungua mambo. Nilitafuta neno "makazi" katika Mkataba wa Afrika nikiwa na swali langu la Mukuru. Halimo. Nilikata tamaa siku mbili. Kisha nikasoma uamuzi wa Tume wa mwaka 2001 kuhusu Waogoni wa Nigeria, nikaona Tume ilivyofanya: ilichukua haki ya mali, haki ya afya na ulinzi wa familia, ikazisoma kwa pamoja, ikasema mtu aliyebomolewa nyumba ameguswa kote kutatu, kwa hiyo haki ya makazi imo hata kama neno lenyewe halijaandikwa. Nilisimama nikatembea chumbani. Katiba yetu nayo imelitaja neno hilo waziwazi, Ibara ya 43, na Ibara ya 2 inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Vipande vilianza kushikana.

Nyenzo nyingi ni za bure. Kenya Law kwa hukumu za hapa, Refworld kwa mambo ya wakimbizi, HUDOC kwa mahakama ya Ulaya, hifadhi ya Umoja wa Mataifa kwa maoni ya kamati za mikataba. Jarida la sheria ya haki za binadamu la Pretoria linasomwa bila malipo. Maktaba ya mtandao ya chuo chako umeshailipia ndani ya karo, kwa hiyo mwombe mkutubi akufundishe kuitumia wiki ya kwanza kabisa. Na usimwamini roboti wa mazungumzo akikutajia kesi. Nimemwona akitunga jina la kesi, mwaka na namba, vyote vya kubuni. Kila kesi ifungue mwenyewe kwenye chanzo chake.

Siku moja kwa mwezi, ukiweza, nenda kwenye mahakama za Milimani ukakae kwenye kikao cha Kitengo cha Katiba na Haki za Binadamu cha Mahakama Kuu. Vikao huwa wazi kwa umma. Utamwona wakili akimwambia jaji mambo yale yale uliyoyasoma jana usiku, na utaona jaji anauliza nini.

Kuhusu insha sitakaa sana. Jifunze mtindo mmoja wa kutaja vyanzo, mara nyingi OSCOLA kwa wanasheria, weka vyanzo vyako kwenye Zotero ambayo ni ya bure, na usinakili hata mstari bila alama za kunukuu, kwa kuwa kazi zote hupitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi.

Hatua ya 9: Ukianza kuzungumza na watu

Tasnifu ya haki za binadamu inakuvuta kwenda kuwahoji watu walioumizwa, na hapa naomba uende taratibu. Kwanza karatasi: kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, kibali cha kamati ya maadili iliyotambuliwa hapa, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na teknolojia, ambayo huombwa kwa mtandao. Kuwa Mkenya au kusajiliwa chuo cha ng'ambo hakukuondolei wajibu huo. Hesabu miezi mitatu. Na kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: majina, namba za simu na sauti ulizorekodi ni mali ya watu, si yako.

Karatasi zikikamilika, kazi yenyewe ndiyo ngumu zaidi. Nilimhoji mzee mmoja ambaye nyumba yake ilibomolewa wakati wa mafuriko ya 2024, serikali ilipoamuru watu waondoke kando ya mito. Nilikuwa na maswali 22. Kwenye swali la tano alinyamaza, akaanza kukunja na kukunjua kona ya kitambaa cha meza. Nilizima kinasa sauti. Tukanywa chai. Sikurudi kwenye maswali siku hiyo, na aliponipigia simu wiki mbili baadaye alinieleza mwenyewe alichotaka kueleza. Mtu akinyamaza, zima kifaa.

Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili rahisi na uisome kwa sauti. Mwambie mtu kwamba anaweza kukataa, kwamba hakuna fedha wala nyumba itakayotokana na mazungumzo hayo, na kwamba jina lake halitaandikwa. Tumia namba badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na majina iweke mbali na kompyuta yako. Nenda na orodha ya mahali pa kumwelekeza akihitaji msaada: Kituo cha Sheria kwa msaada wa kisheria, FIDA Kenya kwa wanawake, IMLU kwa walioteswa, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Nawe mwenyewe utafute mtu wa kuzungumza naye. Mimi sikulala vizuri kwa mwezi mzima na sikumwambia msimamizi wangu. Nilipomwambia alinisogezea tarehe bila kusita.

Hatua ya 10: Baada ya kuwasilisha

Cheti kikifika, omba utambuzi mara moja huku ukiwa bado na baruapepe za hatua ya nne. Tengeneza nakala tatu zilizothibitishwa. Mwajiri atauliza siku ambayo hukuitarajia.

Kisha ipunguze tasnifu iwe kurasa mbili za Kiswahili. Ilinichukua muda mrefu kuliko sura yoyote ya tasnifu yenyewe. Kila sentensi ya kitaalamu nilimsomea mtu wa mtaani hadi akaweza kunirudishia kwa maneno yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa kimoja, "Imeandikwa wapi?", na chini yake: Katiba, Ibara ya 43. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 152 kama kilivyorekebishwa 2016, notisi ya miezi 3. Mahakama ya Juu, Mitu-Bell, 2021. Chini ya kila kimoja, mstari mmoja wa maana yake kwa mtu aliyesimama mlangoni kwake.

Nilimpelekea yule mama Jumamosi moja asubuhi. Aliisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari, akanisahihisha mahali pawili ambapo Kiswahili changu kilikuwa cha ofisini. Kisha akaniuliza kama inaweza kuwekwa ndani ya plastiki ngumu, maana paa linavuja. Tukaenda wote kwa saiba ya kona, shilingi 50, naye akaitundika kwenye msumari upande wa ndani wa mlango, nyuma ya pale palipokuwa na X.